Mradi Wako wa Shamba Umekomaa Kiasi Gani? Jipime Kabla Hujaongeza Ekari



Siku hizi simu nyingi ninazopokea kutoka kwa vijana zinafanana. "Shikamoo bwana shamba. Msimu uliopita nilipata hela nzuri kwenye nyanya, ekari moja tu. Sasa nataka niende ekari nne, unanishauri mbegu gani?" Kabla ya kufika kwenye mbegu huwa nauliza swali ambalo wengi hawalipendi: ile ekari moja uliisimamiaje? Jibu huwa ni lile lile, "nilikuwepo shambani muda wote." Sawa, hongera. Lakini kwenye ekari nne huwezi kuwepo kila kona muda wote, na hapo ndipo somo la leo linapoanzia.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kata nyingine hapa hapa Iringa, kulikuwa na kijana aliyelima nyanya ekari moja na nusu ukanda wa Ilula. Msimu ule mvua zilizidi, bakajani ikafagia mashamba ya wengi, yeye akawa kati ya wachache waliobaki na mzigo. Bei ikapanda, akauza vizuri, akanunua pikipiki, kijiji kizima kikawa kinamzungumzia. Alipotaka kukopa ili aende ekari tano, akaniomba nimwandikie maelezo ya kumtambulisha kwa wakopeshaji. Nikaenda shambani. Nikaona mabua yaliyokwisha kuvunwa, nikaona risiti za dalali, nikaiona na pikipiki. Nikaandika kwamba huyu ni mkulima mzoefu mwenye uwezo wa kusimamia mradi. Nikasaini.

Msimu uliofuata, miche ikiwa na wiki sita tangu ihamishiwe shambani, alifiwa na mama yake mdogo Mbeya. Alikaa msibani siku 12. Shamba alimwachia msimamizi wake, kijana mchapakazi kabisa, pamoja na agizo moja: "Ukiona wadudu, nyunyiza." Hakumwachia ratiba. Hakumwachia hela ya dawa. Hakumwambia ni dawa gani zimeshatumika na ipi inafuata.

Wanaolima nyanya wanajua kilichofuata. Kantangaze hasubiri. Nondo jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, na kiwavi akishatoka kwenye yai anaingia ndani ya jani, kwa hiyo siku unapoona ile michirizi myeupe ujue wadudu wako wana siku kadhaa wanakula. Msimamizi aliiona siku ya nne. Akapiga simu haikupatikana. Akakopa dawa kwa jirani, na kwa bahati mbaya ilikuwa ya kundi lile lile lililokuwa limeshapigwa mara tatu mfululizo. Akanyunyiza, haikufanya kitu. Mwenye shamba aliporudi viwavi walikuwa wameingia kwenye matunda. Katika ekari tano alivuna kama za ekari moja. Pikipiki ikauzwa kulipa mkopo, na deni lililobaki lilimchukua misimu miwili kulimaliza.

Watu walisema mkosi wa msiba. Mimi nilikuwa na karatasi yenye saini yangu, na kila nilipoikumbuka nilijua ukweli: nilipima mavuno, sikupima usimamizi. Mavuno ya msimu mmoja yanaweza kuletwa na mvua, yanaweza kuletwa na bei, yanaweza hata kuletwa na jirani zako kuharibikiwa. Usimamizi unauona siku mwenye shamba hayupo.

Kipimo kimetoka wapi

Kumtofautisha anayejua kuendesha mradi na aliyebahatisha si shida ya wakulima peke yetu. Miaka ya 1980 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa inahangaika na wakandarasi waliokuwa wanaitengenezea programu za kompyuta. Kazi zilichelewa, gharama zilizidi makubaliano, na kampuni iliyofanya vizuri mara ya kwanza ilivuruga mara ya pili. Wizara ikafadhili taasisi ya uhandisi wa programu iliyoanzishwa mwaka 1984 kwenye Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Mzee mmoja aliyetokea kampuni ya IBM, Watts Humphrey, akaongoza kazi ya kutengeneza namna ya kuwapima wakandarasi hao kwa ngazi tano. Mawazo ya ngazi tano za ukomavu yalikuwa yameshatumika kwenye ubora wa viwandani. Philip Crosby aliyachapisha mwaka 1979. Toleo la kwanza la kipimo cha Carnegie Mellon likatoka mwaka 1991, na baadaye watu wa fani ya usimamizi wa miradi wakatengeneza vya kwao. Project Management Institute, chama chao kikubwa, kilitoa cha kwake mwaka 2003.

Kilichonivutia mimi afisa ugani ni kwamba kipimo hiki hakikuulizi umepata kiasi gani. Kinakuuliza umepataje, na kama unaweza kupata tena. Nikakishusha kutoka kwenye kompyuta nikakileta shambani, kwa lugha yetu.

Ngazi tano, kwa macho ya shamba la nyanya

Ngazi ya kwanza mimi naiita zimamoto. Kila kitu kinafanyika kikishaharibika. Mbegu inanunuliwa siku kitalu kinapotakiwa kuwa tayari. Pampu inapelekwa kwa fundi siku ya kumwagilia. Mambo ya kusimikia yanatafutwa miche ikiwa imeshalala chini. Mtu wa ngazi hii anaweza kuvuna vizuri sana, tena wengine ni wapiganaji hodari, hawalali. Lakini mafanikio yake yanategemea nguvu zake na bahati, na vyote viwili vinaisha. Yule kijana wa Ilula alikuwa hapa. Na msimu ule wa pikipiki alikuwa hapa hapa.

Ngazi ya pili ni ya mzoefu. Huyu akifanya kitu kikakubali, anaweza kukirudia msimu unaofuata, maana ana kumbukumbu nzuri kichwani na pengine na daftari la matumizi. Anajua kitalu chake kinachukua wiki nne. Anajua fundi wa pampu ni nani na anampigia mapema. Wakulima wengi wazuri ninaowafahamu wako hapa, na wazazi wetu wengi walifika hapa. Shida ya ngazi ya pili ni moja: utaratibu wote uko ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Akiugua, shamba linaugua.

Ngazi ya tatu utaratibu umetoka kichwani umekwenda kwenye karatasi, na watu wengine wanaufuata. Msimamizi anajua wiki hii kuna kazi gani, dawa ipi inafuata, mbolea ya kukuzia inawekwa siku ya ngapi na kiasi gani kwa kila shina. Mwenye shamba anaweza kwenda msibani siku 12 akarudi akakuta shamba. Kwa kijana anayetaka kulima kibiashara, huu ndio mstari. Ukiwa chini ya hapa, kila ekari unayoongeza unaongeza hatari kuliko unavyoongeza mapato.

Ngazi ya nne unaanza kuendesha kwa namba. Hapa nikae kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapojidanganya. Chukua hesabu hii ya mfano. Mtu amelima ekari moja kwa gharama ya shilingi 4,200,000, akapata matenga 350. Kila tenga limemgharimu 12,000 likiwa bado shambani. Ameuza Dar es Salaam kwa wastani wa 22,000. Anakuja kwangu anacheka: "Bwana shamba, elfu kumi juu ya kila tenga, milioni tatu na nusu hiyo!" Nikamwambia tuendelee kuhesabu. Tenga lenyewe tupu, nauli, ushuru, kupakia, kushusha na ya dalali, jumla 7,500 kwa kila tenga. Gharama ya kweli ni 19,500. Faida ni 2,500 kwa tenga, yaani 875,000 kwa miezi minne ya jua. Bado hatujahesabu siku zake mwenyewe wala zile nyanya zilizokwenda nyumbani na kwa majirani. Wa ngazi ya nne anaijua namba hiyo wakati wa kuvuna, siyo baada ya hela kuisha. Anajua pia kwamba alipanda mbegu 10,000 kitaluni na miche iliyofika shambani ni 7,400, na anajua 2,600 zilizopotea zimepotelea wapi.

Ngazi ya tano ni ya anayebadilisha kitu kimoja kwa makusudi kila msimu, analinganisha na msimu uliopita, na kikikubali anakiingiza kwenye utaratibu. Ni wachache, na wala hupaswi kukimbilia huko.

Angalizo kuhusu kukimbilia: ngazi haziruki. Kuna kijana alinionyesha programu ya simu ya kusimamia shamba, ina rangi nzuri na michoro ya faida kwa wiki. Nilipomuuliza zile namba alizipata wapi, akasema alikaa jioni moja akazijaza zote za miezi mitatu kwa kukadiria. Chombo ni cha ngazi ya nne, shamba ni la zimamoto. Afadhali daftari la shule lililochafuka udongo lenye tarehe za kweli.

Jipime: lete karatasi, usilete maneno

Ukimuuliza mtu "je, huwa unapanga?" atajibu ndiyo. Hakuna anayejibu hapana. Kwa hiyo swali zuri la kujipima ni lile linalojibiwa kwa kitu cha kushika mkononi, chenye tarehe.

Nionyeshe ratiba ya msimu huu, iliyoandikwa kabla msimu haujaanza. Iliyoandikwa baadaye ni historia, haihesabiki. Nionyeshe bajeti, na pembeni yake matumizi halisi. Nionyeshe kumbukumbu ya dawa: tarehe, jina, kundi, kiasi, nani alinyunyiza, na siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna. Nionyeshe kitu kimoja ulichobadilisha msimu huu kwa sababu ya kosa la msimu uliopita.

Halafu kuna jaribio ambalo halihitaji karatasi yako kabisa. Mwache msimamizi wako, au mdogo wako unayelima naye, aje azungumze nami wewe ukiwa haupo. Nitamuuliza: wiki ijayo kuna kazi gani? Dawa inayofuata ni ipi na kwa nini siyo ile ya mwisho? Pampu ikiharibika leo saa kumi jioni utafanya nini, na hela iko wapi? Majibu yake ndiyo ngazi yako. Wengi wanaojipa tatu, baada ya jaribio hili wanarudi kwenye moja na nusu.

Msidhani nawasema ninyi tu. Niliwahi kuyapeleka maswali haya kwenye kikao cha maafisa ugani wenzangu wa mkoa, watu wenye diploma na shahada, tukajipima kama wasimamizi wa mashamba darasa. Karibu wote tulijipa ngazi ya tatu. Kisha tukaulizana: nani ana kumbukumbu kamili za shamba darasa la msimu uliopita, ambazo mwenzake akihamishiwa kwenye kata yake leo anaweza kuendelea nazo kesho? Mikono iliyonyooka ilikuwa michache, na wangu haukuwemo. Nilipohama ile kata ya mwanzo niliondoka na daftari langu kwenye begi. Mule ndani mlikuwa na misimu mitatu ya majaribio ya nafasi za kupandia, yaliyofanywa na wakulima wale kwa jasho lao. Aliyekuja baada yangu akaanza upya. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na kurasa zake nimeshampelekea nakala, ila nilichelewa.

Kupanda ngazi moja

Ukishajipima, lenga ngazi moja tu juu yako.

Kama uko zimamoto, kazi yako ya kwanza ni ratiba ya kurudi nyuma. Usianze na siku ya kupanda, anza na siku unayotaka kuvuna. Tuseme unalenga tenga la kwanza liwe sokoni tarehe 1 Machi, na aina yako ya nyanya inachukua kama siku 75 tangu kuhamisha miche hadi kuanza kuvuna. Basi miche iingie shambani tarehe 16 Desemba. Kitalu kinahitaji wiki nne, kwa hiyo mbegu iwe ardhini tarehe 18 Novemba. Samadi iwe imechanganywa na udongo angalau wiki mbili kabla ya kuhamisha, hiyo ni tarehe 2 Desemba, na trekta ipite kabla ya hapo. Mbegu na vifaa vya kitalu viwe ndani mwanzoni mwa Novemba. Maana yake hela ya mradi wa Machi inatakiwa mkononi Oktoba. Wangapi mnakuja kuniuliza kuhusu nyanya za Machi katikati ya Desemba?

Ukiiandika hivi utaona kazi ambayo ikichelewa inachelewesha zote. Kwenye nyanya ni kitalu. Kamba za kufungia miche zikichelewa siku tatu utazifidia. Kitalu kikichelewa wiki mbili, umechelewa sokoni wiki mbili, na wiki mbili kwenye nyanya zinaweza kuwa nusu ya bei.

Kama uko ngazi ya pili, kazi yako ni kuhamisha ulichonacho kichwani. Usiandike kitabu. Andika karatasi moja ya kila wiki ibandikwe kwenye banda la vifaa, kwa maandishi makubwa, msimamizi aweke alama na tarehe akimaliza. Weka pia mambo matatu yanayoweza kuua shamba lako, dalili ya kila moja, na nani afanye nini. Kwa nyanya huku kwetu yangekuwa kantangaze, bakajani na pampu. Kwa kantangaze, kwa mfano: mitego ya harufu ikaguliwe kila baada ya siku mbili, idadi ya nondo iandikwe, ikipanda ghafla dawa ya kundi linalofuata ipigwe bila kumsubiri bosi.

Hayo maneno "bila kumsubiri bosi" ndiyo magumu kuliko yote. Vijana wengi mnamwachia msimamizi kazi lakini hammwachii uamuzi, wala hela. Mpe kiwango. Mwambie mpaka shilingi 50,000 tumia, niletee risiti, tutaongea baadaye; ikizidi hapo nipigie, nisipopatikana mpigie fulani. Hiyo hela uitenge tangu kwenye bajeti, pamoja na fungu la dharura. Mimi hushauri asilimia 10 mpaka 15 ya gharama zote. Najua mtaniambia hela yenyewe haitoshi. Basi punguza ekari mpaka itoshe pamoja na fungu hilo ndani yake.

Wale mnaokwenda kwenye mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, kumbukeni ni mikopo ya kikundi. Kwenye kikundi ngazi ya chini inaumiza haraka zaidi, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyekagua mitego. Kila kazi kwenye ratiba iwe na jina la mtu mmoja. "Wanakikundi" si jina la mtu.

Nimalizie habari za yule kijana wa Ilula, maana mtaniuliza. Alirudi kwenye ekari moja na nusu. Mimi na yeye tulikaa tukaandika ratiba yake ya kwanza kwenye mgongo wa kalenda ya duka la pembejeo. Msimu wa kwanza aliifuata nusu. Wa pili akafuata zaidi, akaanza kuandika dawa. Gharama zake bado hazijakaa vizuri, siku zake mwenyewe hazihesabu mpaka leo, na tukikutana tunabishana hapo. Mwaka jana alinipigia akisema anataka ekari tatu. Nikamwambia kabla sijasema lolote nipe namba ya msimamizi wako. Nilipiga saa mbili usiku, bila taarifa. Yule msimamizi aliniambia nisubiri kidogo, nikasikia anatembea, mlango wa banda ukalia, kisha akaanza kunisomea kazi za wiki iliyofuata kutoka ukutani. Kwenye pampu akakwama: hakujua fundi wa pili ni nani kama wa kwanza hapatikani.

Nikampigia kijana nikamwambia ekari mbili, na jina la fundi wa pili libandikwe kabla ya kitalu.